Faiba Haioni Kutu: Mwongozo Kamili wa Kufunga Vihisi vya Nyuzi za Kioo Kwenye Zege la Pwani

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, nikikaa barazani na watu wakajua kazi yangu, swali huwa lile lile: hakuna chombo cha kutuambia jengo linaumwa kabla halijatuangukia? Kipo. Lakini kila chombo kina ugonjwa kinaoujua. Beit al-Ajaib ni jengo la mwaka 1883, na majumba ya Mji Mkongwe ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko yana maradhi yake ambayo mwongozo huu hauyagusi. Huu ni wa zege lenye nondo: magati, madaraja, matangi ya maji, hoteli zilizousogelea ufukwe, skuli za vijiji vya pwani. Humo adui ni kutu, na humo uzi mwembamba wa kioo, ndugu wa ule unaotuletea intaneti, unaweza kuwekwa zamu.

Nimesema ndugu kwa makusudi. Kama wewe ni fundi wa kuunga faiba za mawasiliano, nusu ya kazi hii unaijua tayari. Nusu ya pili ni kumjua adui, na kuwa na subira.

Kutu inavyoingia

Nondo iliyolala ndani ya zege zuri haishiki kutu, kwa sababu maji yaliyomo kwenye vinyweleo vya zege yana alkali kali, pH ya kati ya 12.5 na 13.5. Katika hali hiyo chuma hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Vitu viwili huivunja. Cha kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo polepole hushusha pH hadi chini ya 9. Cha pili ni chumvi, na kwetu sisi watu wa visiwani hicho ndicho kikubwa. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, na kama gramu 19 kati ya hizo ni kloridi. Kloridi zikishajikusanya kwenye nondo, na kipimo kinachotajwa sana ni asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, ngozi ile hutoboka.

Chuma kikigeuka kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya ile kilichokuwa nayo. Zege nalo huvumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa. Kutu inavimba, zege linapasuka kufuata mstari wa nondo, maji yanapata mlango, na vipande vinaanza kudondoka.

Chumvi ina njia mbili za kuingia, na tofauti yake tutaihitaji huko mbele. Njia moja ni kutoka nje, kwa maji na upepo wa bahari. Nyingine ni kutoka ndani, yaani zege limezaliwa nayo: mchanga wa pwani uliotiwa bila kuoshwa, au maji ya kisima chenye chumvi. Unguja mchanga mzuri ni adimu na kila mtu anajua kishawishi kinatoka wapi.

Faiba inaona nini hasa

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, wakiwemo wanaouza vifaa. Faiba ya kawaida haioni kutu. Inaona kurefuka na inaona joto, basi. Wewe ndiye unayepanga mambo ili kutu, ikitokea, ilazimike kuivuta faiba.

Kihisi tutakachokitumia zaidi ni greti ya Bragg. Ni kipande cha faiba, aghalabu chenye urefu wa kama milimita 10, ambacho ndani ya kiini chake zimechorwa alama za kufuatana kwa mwanga mkali. Alama hizo huakisi rangi moja tu ya mwanga na kuziachia nyingine zipite. Kipande kikivutwa, nafasi baina ya alama huongezeka na rangi inayorudi hubadilika. Jambo hili la kioo kukubali kuandikwa kwa mwanga liligunduliwa Canada mwaka 1978 na Kenneth Hill na wenzake, wala hawakuwa wakifikiria magati.

Namba za kukariri ni chache. Mita moja ikirefuka kwa mikroni moja, huo ni mvutiko wa mikrostreni 1. Rangi ya mwanga hupimwa kwa nanometa, na pikometa ni sehemu moja ya elfu ya nanometa. Kwa greti ya nanometa 1550, mikrostreni 1 husogeza rangi kwa kama pikometa 1.2. Digrii 1 ya joto husogeza kwa kama pikometa 10 ikiwa greti iko huru, na kama pikometa 24 ikiwa imegandishwa kwenye chuma, kwa sababu chuma chenyewe hutanuka kwa joto na kuivuta. Kisomaji, yaani chombo kinachotuma mwanga kwenye faiba na kupima unaorudi, kikiwa kizuri hutambua badiliko la pikometa 1. Zege huanza kupasuka mvutiko ukifika mikrostreni 100 hadi 150 hivi.

Aina ya pili ni faiba isiyo na greti, inayosomwa urefu wake wote. Kisomaji hurusha mwanga na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kila sehemu ya uzi. Vipo vinavyosoma kilomita nyingi lakini kwa vipande vya nusu mita hadi mita moja, na vipo vinavyosoma milimita kwa milimita lakini kwa makumi ya mita tu. Kwa kutu nachagua hivi vya pili, fedha zikiruhusu. Mara nyingi haziruhusu.

Aina ya tatu ni faiba iliyopakwa utando wa chuma kwenye ncha. Utando ukiliwa, mwanga unaorudi hupungua. Hii ndiyo inayokaribia kuiona kutu yenyewe, ila ikishaliwa imekwisha, haina habari ya pili. Vihisi vya kupima kloridi moja kwa moja kwa mwanga bado ni vya maabara zaidi kuliko vya gatini. Mtu akikuuzia kwa dhamana ya miaka 20, mwambie akupeleke kwenye gati lake la miaka 20.

Hatua ya 1: Chagua pa kuweka

Tuchukue mfano wa gati dogo la zege, lenye nguzo 8 na slebu juu, la aina unayoweza kuikuta kijiji chochote cha wavuvi Pemba. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukiwa na fedha za vihisi 16, utaviweka wapi?

Si chini kabisa. Nguzo iliyozama muda wote ina kloridi tele lakini hewa ya oksijeni haifiki, na bila oksijeni kutu hutambaa taratibu mno. Pabaya ni kuanzia mstari wa maji kujaa kwenda juu, pale panaporukiwa na mawimbi kisha pakakauka na jua, siku baada ya siku. Kila kukauka huacha chumvi, kila kurowa huisukuma ndani zaidi.

Nenda ukaangalie kwa macho wakati wa kusi, upepo ukiwa mkali, uone mawimbi yanafika wapi. Usitegemee mchoro. Uso wa nguzo unaopigwa na kusi na uso wa kivulini hauzeeki sawa. Kisha tazama sehemu ya chini ya slebu, hasa pembe za mihimili: maji hurushwa huko na hakuna mvua ya kusafisha chumvi. Kwenye nyumba ya ufukweni mantiki ni hiyo hiyo. Vibaraza vinavyoning'inia, chini ya matangi ya paani, na nguzo za mbele.

Kwa gati letu ningeweka vihisi 6 chini ya slebu, 8 kwenye nguzo mbili zinazopigwa zaidi, na 2 mahali pazuri ambapo sitarajii kutu. Hivyo 2 watu huviona hasara. Ndivyo vitakavyokwambia, siku namba zote zikiruka, kama lililoruka ni gati au ni kisomaji chako.

Hatua ya 2: Ngazi ya nondo

Katika mwongozo wote huu, kama utachukua kitu kimoja, chukua hiki. Usiweke vihisi kwenye nondo kuu peke yake. Nondo kuu ikianza kutu umeshachelewa.

Katakata nondo ya milimita 12, ile ile ya kazi, vipande 4 vya kama nusu mita. Vipange ndani ya zege kama ngazi iliyolala mshazari, cha kwanza kikiwa na kava, yaani unene wa zege linalokifunika, ya milimita 15 tu kutoka usoni, cha pili 25, cha tatu 35, cha nne 45. Vipande hivi havibebi mzigo. Ni mahabusu waliotangulizwa mbele. Kila kimoja kiwe na kihisi chake, na kisigusane na nondo kuu wala waya wa kufungia. Kikigusana, umeme wa kutu utapita baina yao na utasoma uongo.

Chumvi inayotoka nje itakipata kipande cha milimita 15 kwanza, kisha cha 25. Muda wa safari huongezeka kwa takriban mraba wa kina. Kipande cha kina cha 15 kikianza kusogea baada ya miaka 3, makadirio ya kina cha 45 ni mara tatu kwa mraba, yaani mara 9: kama miaka 27. Ni hesabu ya mkono na zege halisomi hesabu, lakini inamtosha mwenye gati kupanga bajeti.

Na je, vipande vyote vinne vikianza kusogea karibu wakati mmoja? Basi chumvi haikutoka baharini. Ilikuja na mchanga. Hili nimeliona mara moja, kwenye nyumba ya ghorofa upande wa mashariki ya Unguja, na mjenzi aliyekuwa ameapa kuwa mchanga ulitoka shamba aliacha kupokea simu zangu.

Hatua ya 3: Kuzungusha faiba

Faiba ikilazwa sambamba na nondo itasoma mzigo wa gati, si kutu. Kutu husukuma kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo faiba lazima izungushwe kama mtu anavyofunga kamba kwenye mpini wa jembe.

Kuna mvutano hapa. Ukizungusha kwa kubana sana, faiba inapindika kupita kiasi na mwanga unavuja. Ukilegeza, haihisi. Kwa nondo ya milimita 12, mzunguko mmoja kwa kila milimita 60 hupinda faiba kwa nusu kipenyo cha kama milimita 21. Faiba ya kawaida ya mawasiliano hutaka milimita 30, kwa hiyo haifai; nunua ile inayovumilia kupindwa, iliyoandikwa G.657.A2, na wakati wa kuagiza greti sema wazi ziandikwe kwenye faiba ya namna hiyo. Kwa mzunguko huu, uso wa nondo ukisogea nje kwa mikroni 1, faiba huvutika kama mikrostreni 47, na rangi husogea kama pikometa 56. Hiyo ni ishara kubwa kwa chombo kinachotambua pikometa 1.

Tatizo linakuja kwenye gundi. Ukipaka epoksi mstari mzima, umeipa nondo koti la mvua, na sehemu unayoichunguza ndiyo pekee isiyoshika kutu. Nilifanya kosa hili kwenye sampuli zangu za mwanzo: nikazitia kwenye maji ya chumvi, nondo zikaoza kila mahali isipokuwa chini ya kihisi. Tangu hapo natumia njia mbili. Ya kwanza ni kugandisha kwa vitone, kimoja kila upande wa greti na vingine kila robo mzunguko, chuma kikiachwa wazi katikati. Ya pili, ambayo sasa naipenda zaidi, ni kuivika nondo mota, yaani saruji na mchanga uliooshwa na kuchujwa, hadi kipenyo cha milimita 30, ikauke siku 7, ndipo faiba izungushwe juu yake kwa kubana. Kwa njia hii mikroni 1 ya kutu hutoa kama mikrostreni 27 kwa makadirio, pungufu ya njia ya kwanza, lakini chuma kimebaki ndani ya saruji kama kitakavyokuwa maishani, na siku ganda likipasuka namba huruka bila aibu.

Kabla ya kuzungusha, sugua nondo kwa brashi ya waya na msasa, ifute kwa spiriti, iache ikauke. Ivute faiba kidogo wakati wa kuigandisha, kwa kifaa kidogo cha uzito wa gramu 50 au 100 kilichoning'inizwa ncha moja, ili isilegee baadaye. Sehemu ya greti huwa imevuliwa ganda lake ilipoandikwa. Hakikisha imefunikwa upya. Kioo kitupu ndani ya alkali ya zege hudhoofika na kukatika.

Hatua ya 4: Kihisi cha joto, na ndoo ya maji

Weka greti ya pili karibu na kila ngazi, ikiwa huru ndani ya kibomba chembamba cha chuma kisichoshika kutu, ncha zikiwa zimezibwa. Hii haivutwi na kitu. Inasoma joto peke yake. Slebu ya gati saa 8 mchana na slebu hiyo hiyo alfajiri zinaweza kupishana digrii 10 na zaidi. Digrii 3 tu ambazo hukuzitoa hesabuni ni pikometa 72, zaidi ya ile mikroni 1 ya kutu unayoisaka.

Usiamini namba za kwenye karatasi ya kiwandani wala zangu. Chukua ndoo, kipimajoto kizuri na birika. Zamisha kila kipande cha nondo pamoja na kihisi chake kwenye maji ya digrii 25, kisha 30, 35, 40. Kila mara subiri dakika 15 na uandike. Utapata namba yake mwenyewe, labda 23, labda 26. Iandike kwenye daftari na kwenye lebo ya waya.

Hatua ya 5: Kuunga na kupitisha

Hapa mafundi wa intaneti wako nyumbani, nami sitawafundisha kuunga. Mambo machache ya kazi hii tu. Greti kadhaa hukaa kwenye uzi mmoja mradi kila moja iwe na rangi yake. Kwa kisomaji cha nanometa 1510 hadi 1590, ziachane nanometa 5 na utaweka hadi 16 bila kugongana. Tumia konekta za kijani, zile zenye ncha ya mshazari, kote kote. Ukichomeka ya buluu kwenye ya kijani utapata mwangwi wa uongo na pengine utaiharibu ncha.

Toa ncha zote mbili za uzi nje ya zege. Uzi ukikatika katikati, na siku moja utakatika, utausoma kutoka pande mbili na utapoteza kidogo.

Sehemu inayokufa kwanza si kihisi. Ni pale faiba inapotoka kwenye zege. Ipitishe kwenye bomba laini lililozama sentimita 10 ndani na kutokeza sentimita 10 nje, lijaze silikoni, na uache mizunguko miwili mitatu ya akiba ndani ya kisanduku. Kisanduku kiwe cha plastiki nzito au chuma cha pua cha daraja la 316, juu ya maji ya bamvua kubwa, upande usiopigwa na kusi, na kwa heshima zote kwa vijana wa gatini, kisifanane na kitu cha kuuzika. Ukiwa unachungulia ncha yoyote, kumbuka mwanga wa nanometa 1550 hauonekani na unaweza kudhuru jicho; kwa kutafuta mkatiko tumia kalamu ya taa nyekundu.

Hatua ya 6: Siku ya zege

Kaa na mafundi kabla ya siku hiyo. Waonyeshe nyuzi, waeleze. Fundi nondo mmoja mtu mzima huko Pemba alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi hiki chuma nakijua kwa kukigonga. Lakini wewe niwekee rangi nijue wapi nisikanyage." Nikapaka nyekundu. Sijapoteza uzi hata mmoja kwa yule mzee, na naendelea kupaka nyekundu.

Funga biskuti za zege, vile vipande vya kuishikilia nondo mahali pake, imara ili kava isihame: ngazi ya milimita 15 ikisogea hadi 25, hesabu yote imekwenda. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege, isikaribie ngazi kwa chini ya sentimita 20. Zege la hapo lishindiliwe kwa fimbo. Soma kila kihisi mara tatu: kabla ya kumwaga, nusu ya kumwaga, na mara tu baada ya kumaliza. Kimoja kikinyamaza katikati ya kazi bado unaweza kukifikia. Kikinyamaza kesho, pole.

Pima kava kwa rula na piga picha zenye rula hiyo ndani.

Hatua ya 7: Namba ya mwanzo

Zege changa lina joto lake la kukomaa, kisha husinyaa, na kusinyaa huko ni mamia ya mikrostreni. Namba za mwezi wa kwanza zihifadhi lakini usizifanye msingi. Anza kuhesabu baada ya siku 28, na hata hapo usiseme lolote kuhusu kutu mpaka umepitisha mwaka: kaskazi, masika, kusi, vuli. Zege likirowa kwa masika huvimba kidogo, likikauka husinyaa, na gati huinama na kuinuka kwa mzigo na mawimbi. Mwaka huo ndio unaokufundisha pumzi za kawaida za jengo lako.

Kisomaji ni ghali, cha maelfu ya dola, na si lazima kiishi gatini. Kinaweza kuzunguka majengo kumi. Kwa kutu, ambayo haina haraka, kusoma mara moja kwa mwezi kunatosha, ila soma kwa adabu: saa ile ile, alfajiri kabla jua halijapiga, na kwa gati chagua hali moja ya maji na uishike, kwa mfano maji mafu, bahari imetulia. Kabla ya kuchomeka, futa ncha. Vumbi la matumbawe kwenye konekta limeshasababisha vikao zaidi kuliko kutu.

Hatua ya 8: Kusoma

Chukua badiliko la greti iliyozungushwa, toa badiliko linalotokana na joto (digrii kutoka greti huru, mara namba yako ya ndoo), gawa kwa 1.2. Kilichobaki ni mvutiko. Chora mwezi kwa mwezi.

Ukiona wimbi la kupanda na kushuka kwa mwaka na kurudi pale pale, huo ni msimu. Ukiona mteremko wa kushuka taratibu unaopungua nguvu, ni zege linasinyaa bado. Mteremko wa kupanda usiorudi, kwenye kipande cha kina kifupi kwanza, hata kama ni mikrostreni 10 kwa mwezi, huo ufuatilie kwa karibu. Na kuruka kwa ghafla kwa mamia, kisha kutulia au kushuka, ni ufa uliopita chini ya faiba. Kama greti zote zimeruka pamoja, pamoja na zile 2 za mahali pazuri, angalia kisomaji kwanza.

Lakini ukimya una maana mbili. Kutu ya mwanzo hujaza vinyweleo vinavyoizunguka nondo kabla ya kuanza kusukuma, kwa hiyo faiba inaweza kukaa kimya wakati chuma kimeshaanza kuliwa. Na kutu ya kloridi hupenda kuchimba vishimo: kishimo kirefu mahali pamoja, uvimbe kidogo. Greti ya milimita 10 isipokuwa juu ya kishimo hicho haitajua. Penye maji mengi na hewa kidogo kutu hutoka nyeusi au ya kijani na kutiririka bila kuvimba kabisa. Ndiyo maana nasema kila mara, faiba ni shahidi mmoja.

Shahidi wa pili ni kipimo cha volti kwa fimbo ya shaba ndani ya myeyuko wa salfeti ya shaba, kwa kanuni ya ASTM C876. Namba iliyo hasi zaidi ya milivolti −350 humaanisha uwezekano wa kutu ni zaidi ya asilimia 90, juu ya −200 uwezekano wa kutokuwepo kutu ndio unaozidi asilimia 90, katikati hujui. Zege lililojaa maji muda wote hutoa namba hasi sana bila kutu ya maana, kwa kukosa oksijeni, kwa hiyo usikimbilie kupiga kengele kwa nguzo za chini.

Kama jengo limeshasimama

Ngazi huwezi kuiweka bila kubomoa, ingawa kama unakarabati slebu iliyodondoka, hiyo ni nafasi. Itie ndani ya zege jipya. Vinginevyo anza na fimbo ya shaba na nyundo ya kugongea, tafuta sehemu zenye shaka, kisha kata mfereji wa milimita 5 kwa mashine ya diski, ukivuka mahali nyufa zinapotarajiwa, ulaze faiba na uifunike kwa epoksi. Hiyo inafuatilia nyufa, haitabiri kutu. Mwambie mwenye jengo tofauti hiyo kabla hajalipa.

Hatua ya 9: Kuthibitisha

Mteremko ukipanda miezi mitatu mfululizo na fimbo ya shaba ikakubaliana, fungua kidirisha. Kipande cha milimita 15 kimewekwa karibu na uso kwa ajili ya siku hii. Chimba sentimita 10 kwa 10 pembeni mwa kihisi, si juu yake. Kabla vumbi halijatua, osha na unyunyizie fenofthalini: zege lenye alkali litageuka waridi, lililopoteza alkali litabaki na rangi yake. Waridi hadi kwenye nondo, na nondo ina kutu? Basi ni chumvi. Kusanya unga wa kuchimba kwa kina cha milimita 0 hadi 10, 10 hadi 20, 20 hadi 30, kila mmoja kwenye mfuko wake wenye lebo, upeleke maabara ukapimwe kloridi. Kloridi ikipungua kadiri unavyoingia ndani, imetoka baharini. Ikiwa sawa kila kina, rudi kwa aliyeleta mchanga.

Ziba kidirisha kwa mota ya ukarabati isiyosinyaa, soma vihisi vyote upya siku hiyo hiyo kwa sababu kuchimba kumevisogeza, na uandike namba mpya ya mwanzo pembeni mwa ile ya zamani bila kuifuta. Daftari liwe na nakala mbili, moja ofisini na moja kwa mwenye jengo. Nakala ya kwenye simu haihesabiki.